Meneja Anakula Kwanza

Pale mapokezi ya kiwanda chetu cha unga, hapa Eldoret, wametundika picha yake. Imekaa katikati ya vyeti vya ubora vyenye fremu za kung'aa, na mgeni akiingia, msichana wa mapokezi amefundishwa kusema kwamba huyu ndiye mama aliyetuletea vyeti. Kila nikipita hapo damu inanichemka. Walimfukuza mtu, kisha wakamtundika ukutani, na sasa sura yake inawauzia unga. Tena hilo la kuleta vyeti ni uongo mtupu. Mama huyo ndiye aliyewapigia simu wenye vyeti akawaambia waje wachukue kimoja chao.

Sisi tulimwita Mama Ubora. Alikuwa meneja wa ubora wa viwanda vyote vitatu vya kampuni: hiki kikubwa cha Eldoret, cha Burnt Forest, na kile kidogo cha Kesses. Kila kimoja kilikuwa na cheti chake, na bila cheti huruhusiwi kuchapa alama ya ubora kwenye mfuko, na bila alama hakuna duka litakalopokea unga wako. Mimi nilianza katika maabara nikapanda nikawa msaidizi wake. Miaka mingi nilizunguka naye kwa pikapu ya kampuni, yeye mbele na dereva, mimi nikishikilia sanduku la sampuli magotini lisimwagike. Nitaeleza vile alivyokuwa, na atakayechukia achukie.

Alikuwa mfupi, mnene, na mwendo wake ulikuwa wa haraka mpaka vijana walimkimbilia nyuma. Gambuti nyeusi, kitambaa kichwani, koti jeupe ambalo kufikia saa ya chai halikuwa jeupe tena. Alitoka upande wa ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa na "s" nyingi pale wengine wanapotia "sh". Vibarua walimwigiza sana. "Hii ni sida kubwa," wangesema, wakishika kiuno kama yeye. Siku moja alimkuta mmoja katikati ya maigizo, akasimama nyuma yake kimya mpaka akamaliza. Akamwambia ameiga vizuri sana, sasa achukue ufagio aige kazi.

Gunia la mahindi alilipima kwanza kwa mkono. Alitumbukiza mkono mpaka kiwiko, akafumba macho, akasikiliza kama mahindi ya katikati yana joto, maana mahindi mabichi yakirundikwa hupata joto. Mara nyingi alikuwa sawa. Lakini hata akiwa na uhakika wote, alidai mita ya unyevu iletwe. Nilimuuliza kwa nini tusumbuke na mita na yeye amekwisha jua. Akaniambia mkono wake haujawahi kukaguliwa na mtu yeyote, huenda unadanganya.

Halafu mama huyu huyu, aliyerudisha lori zima kwa sababu ya harufu, alikuwa akisimamisha pikapu kando ya barabara ya Nakuru kununua mahindi ya kuchoma. Vumbi la malori likitua pale pale, muuzaji akiyageuza kwa mkono uliotoka kushika makaa, na yeye anayatafuna bila hata kupangusa. Nikamwambia, Mama, si hii ni aibu? Akasema haya ameyaona yakichomwa, yale yetu hajayaona yakisagwa. Nilicheka, lakini jibu lilinikaa.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi, na wakati mwingine alikuwa mkali kwa mtu asiyestahili. Kuna mama mmoja wa kufagia kule Kesses ambaye Mama Ubora alimfokea mbele ya watu wote kwa sababu ya kinyesi cha panya karibu na mashine. Nilipokiokota niliona ni haragwe jeusi lililoungua. Mama Ubora aliliangalia, akaliweka mfukoni, akaondoka. Neno pole halikutoka. Tangu siku hiyo, kila tulipokuwa Kesses jioni, pikapu ilipitia nyumbani kwa yule mama wa kufagia kumshusha, na njiani hawakuongea lolote. Mimi nilikuwa naumwa na hasira huko nyuma. Kwani neno pole lina uzito wa kilo ngapi?

Kitu alichokichukia kuliko panya ni siku za ukaguzi. Mtu ambaye hajafanya kazi kiwandani hajui mambo yanayofanyika kabla ya wakaguzi kufika. Kuta zinapakwa rangi mpaka unga unanuka rangi. Paka wa stoo anafichwa nyumbani kwa askari wa geti. Vibarua wanafundishwa majibu kama watoto wa katekisimu: ukiulizwa unanawa mikono lini, sema hivi. Kampuni ilikuwa na mita moja nzuri ya unyevu kwa viwanda vyote vitatu, na siku hizo ilipandishwa pikipiki. Wakaguzi wakimaliza Eldoret wanapewa chai ndefu, na huku mita inakimbizwa Burnt Forest, ikawasubiri mezani kana kwamba imelala hapo mwaka mzima.

Na yeye alilijua hilo. Miaka ya kwanza ndiye aliyemtuma mtu wa pikipiki. Alisema kampuni inakua, mita nyingine zitakuja, tuwavumilie. Hazikuja. Kisha siku moja, kule Kesses, mkaguzi alimwomba kijana wa zamu ampimie mahindi kidogo. Kijana hajawahi kuigusa ile mita maishani, akaishika juu chini. Mkaguzi akacheka, akamgeuzia, akaandika kwamba tumepita. Meneja wa Kesses alitununulia soda sote. Mama Ubora hakuigusa yake. Ndani ya pikapu alisonya njia nzima, kisha akasema wale watu wangetufelisha angewashukuru.

Baada ya hapo ndipo alipoleta sheria yake. Vibarua wa viwanda vyote vitatu walikuwa wakila kantini saa saba, ugali na sukuma. Akaamuru kwamba ugali huo upikwe kwa unga uliopo stoo ukisubiri lori, na mfuko wa kupika auchague yeye au mimi, mahali popote kwenye rundo. Sahani ya kwanza ni ya meneja wa kiwanda. Anakula akiwa amesimama mbele ya watu, tonge kadhaa, ndipo wengine wapakuliwe. Kabla meneja hajala, Mama hatii sahihi, na lori halitoki.

Mameneja walilalamika wee. Mmoja alisema amesoma chuo kikuu si ili awe mwonja ugali. Lakini kule Burnt Forest, ambako kuna watu ambao kwa sababu ya mapigano ya kikabila ya miaka ile hawakuwa wakikaa meza moja, saa saba wote walijaa kantini mapema kumwangalia meneja akimeza. Walicheka pamoja. Sijui kikao gani cha amani kilichofanya hivyo.

Mimi mwenyewe nilimbishia. Hofu kubwa ya mahindi ni sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu mahindi yakihifadhiwa na unyevu. Ukishasaga huioni wala huisikii mdomoni, na moto wa sufuria hauiondoi. Ukila nyingi kwa mkupuo inaua, ukila kidogo kidogo inakula ini lako polepole. Nikamwambia, Mama, ugali haupimi sumukuvu.

"Siupimi ugali," akasema. "Nampima meneja."

Nilidhani ni maneno tu, mpaka ule mwaka mvua ilipokataa kuacha wakati wa kuvuna. Mimi ni mtu wa Sugoi, nimekulia katikati ya mahindi, na sijawahi kuona mabua yakioza yamesimama vile. Wakulima walileta mahindi mabichi kwa sababu hawakuwa na pa kuyaanika. Hapa Eldoret tulipima malori kadhaa tukakuta sumukuvu ya kutisha. Mama Ubora aliyapaka magunia yote rangi nyekundu kwa mkono wake, akaagiza yateketezwe. Mkurugenzi, yaani mwenye kampuni, akasema sawa, yatateketezwa.

Wiki hiyo tulikuwa Burnt Forest. Saa saba ikafika, kantini imejaa, ugali unatoa moshi. Meneja akaja, akamwambia mpishi kwa sauti ya chini kwamba leo tumbo linamsumbua, amtafutie wali. Mama Ubora akampa pole. Msaidizi wa meneja naye akasema angependa wali. Kisha mtu wa stoo, mtu mnene ambaye hajawahi kukosa sahani ya pili, akasema yeye leo amefunga, anaomba.

Mama Ubora aliweka sahani yake chini. Akawaambia vibarua wasiguse chakula, kisha akaenda stoo na gambuti zake, mimi nyuma yake. Tulikuta magunia matupu yamerundikwa kando ya mashine. Akachukua moja akaligeuza ndani nje. Rangi nyekundu ilikuwa ndani. Walikuwa wameyaleta yale mahindi ya Eldoret, wakayageuza magunia, wakasaga. Unga ulikuwa umefungwa tayari kwenye mifuko yenye alama ya ubora, na lori lilikuwa getini. Nikapima kwa vifaa vya kwenye sanduku. Ilikuwa sumu, haki ya Mungu.

Nikamuuliza mtu wa stoo unga huo unakwenda wapi. Akasema shule za bweni, zinafunguliwa Jumatatu. Binti yangu wa kwanza alikuwa amepakia sanduku lake la bweni nyumbani, amelifunga na kulifungua mara sijui ngapi kwa furaha. Nilimshika yule mtu shati. Mama Ubora ndiye aliyenitoa.

Mkurugenzi alifika kutoka Eldoret akiwa mtulivu kabisa, na utulivu huo ndio uliotaka kuniua. Akamwita Mama kwa heshima. Akaeleza kwamba tukichanganya na mahindi mazuri sumu itapungua, kwamba ukaguzi wa viwanda vyote umekaribia, kwamba Burnt Forest ikiharibu jina, Eldoret na Kesses pia zitaumia, na vibarua wengi ni watu wa kwao Mama, wametoka huko ziwani na magharibi, awafikirie. Alisema anachohitaji ni sahihi yake tu.

Mama Ubora akamwambia mpishi alete sahani kutoka sufuria ile ile. Akaiweka mbele ya Mkurugenzi.

"Kula," akasema. "Ukimaliza, nitatia sahihi."

Yule bwana alicheka, akaangalia saa yake, akasema tusifanye mambo ya kitoto. Hakugusa. Mama akatoa simu pale pale, akawapigia wakaguzi, akawaambia waje wachukue cheti cha Burnt Forest, na waje na watu wa kushuhudia unga ukiteketezwa. Aliongea kama mtu anayeagiza gesi ya kupikia. Unga uliteketezwa nyuma ya kiwanda, na sisi wawili tulisimama hapo mpaka mwisho.

Sasa ngoja niseme kilichofuata, maana hiki hakiko kwenye hotuba ya msichana wa mapokezi. Kiwanda kilifungwa hadi msimu wa kupanda. Vibarua wakarudi nyumbani mikono mitupu, na hasira yao yote ilimwendea yeye. Kanisani watu wa kwao walihama benchi alilokaa. Mama mmoja wa kupakia malori alimtemea mate kwenye gambuti. Mkurugenzi akipita na gari lake, watu hao hao walimfungulia geti na kumpigia saluti. Mpaka leo sijawasamehe. Mtu aliyetaka kuwalisha watoto wenu sumu mnampungia mkono, aliyezuia mnamtemea mate?

Hata yeye nilimkasirikia, kwa sababu hakujitetea. Nilimwambia awaite, awaeleze sumukuvu ni nini. Alikuwa akipangusa ile gambuti kwa karatasi.

"Mtu amepoteza kazi," akasema, "unataka nimwelezee habari ya ini?"

Shule hazikujua kitu. Binti yangu alirudi likizo amenenepa, akilalamika kwamba chakula cha bweni ni kibaya. Nilimkumbatia mpaka akaniuliza kuna nini. Naye Mama Ubora wenye kampuni wakampumzisha. Hawakusema kumfukuza, hapana, walisema amestahili kupumzika. Walikata keki, wakampa saa ya ukutani, Mkurugenzi akamsifu kwa uadilifu wake. Nilitoka nje kabla sijarusha keki hiyo.

Kiti chake nikapewa mimi. Jambo la kwanza walilobadilisha ni kantini. Walileta mtu wa kandarasi wa kupika, unga akitoa kwake, na mameneja wakahamia ofisini na vyakula vyao vya kuletewa. Nilipigana nikaambiwa hayo ni mambo ya kizamani, sasa kila kitu kiko kwenye kompyuta. Cheti cha Burnt Forest kilirudi. Mita tukapata, kila kiwanda na yake, na ninazipima zenyewe kama ziko sawa. Nimefanya kazi yangu. Lakini meneja ninampima na nini?

Mwaka huu mvua imekuja tena vibaya. Jumatatu nilikuwa Burnt Forest nikakuta rundo lenye sumukuvu, nikalizuia, nikaandika lisiguswe. Hakukuwa na mahindi mengine pale stoo, hilo ndilo lililokuwepo. Alhamisi nilirudi nikakuta sakafu tupu, imefagiwa. Meneja akaniambia wamemrudishia mkulima. Nikauliza mkulima gani. Akasema atanitafutia jina. Nilimpigia Mkurugenzi, akasema nimwachie hilo, nipumzike wikendi.

Jumamosi nilikwenda supamaketi mjini nikiwa bado nimekasirika, nikitupa vitu kwenye kikapu. Nikamkuta Mama Ubora kwenye rafu za unga. Amepungua sana. Anatembea akishikilia vitu, na gambuti zimekuwa raba za wazee. Tulishikana mikono muda mrefu. Akauliza habari ya binti yangu kwa jina lake, nikamwambia yuko chuo sasa, amepanga chumba huko Kesses. Alifurahi kweli kweli.

Mkononi alikuwa na mfuko wa unga wetu. Akaugeuza chini, mahali panapopigwa herufi ya kiwanda na siku ya kusaga, akasema macho yamekuwa mabovu, nimsomee. Nikasoma. Ilikuwa B, ya Burnt Forest. Siku ya kusaga ilikuwa Jumatano, wiki hii.

Nilisoma tena. Yeye hakujua chochote kuhusu rundo langu, hakujua Jumatatu wala Alhamisi. Alikuwa mzee anayenunua unga na amekutana na mtu anayeujua.

"Niweke kwa kikapu, ama nirudishe?" akauliza.

"Rudisha, Mama."

Aliurudisha. Aliulinganisha vizuri na mingine kwenye rafu, kama ilivyokuwa. Wakati huo mwanamume mmoja akapenya katikati yetu, akachukua mifuko miwili, na nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono kuchukua wake. Mama Ubora akawatazama, kisha akanitazama mimi.

"Na hawa?"

Nilingoja anifokee kama zamani. Hakunifokea. Alisimama tu hapo ameshikilia rafu, anangoja.

Niliweka kikapu changu chini. Nilimshika yule mama mkono nikamwomba aurudishe, nikamfuata mwanamume nikamnyang'anya mifuko yake, akanitukana, nikarudi nikaanza kuishusha yote sakafuni, rafu ya juu kwanza. Kijana wa duka akaja mbio akauliza madam, unafanya nini. Nikamwambia mimi ndiye meneja wa ubora wa unga huu, aite mkubwa wake, na asiuze hata mfuko mmoja.